Nchi Isiyo na Kamari

Katika nchi ninayotaka kuwasimulia habari zake hakuna kamari. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akanielewa vibaya. Kamari ilikomeshwa zamani, kwa sherehe, uwanjani, mbele ya bendi ya polisi. Mashine zote za kutumbukiza sarafu zililazwa chini, katapila likazipanda, na Waziri wa Burudani na Utulivu, Mheshimiwa Kigwasu, akawapungia mkono wananchi. Sarafu zilizomwagika ziliokotwa na walinzi wa Mheshimiwa, kwa usalama wa watoto.

Baada ya hapo watu wakakaa bila burudani, na utulivu nao ukaanza kupungua. Ndipo Serikali, ikishirikiana na kampuni iitwayo Furaha Jumuishi, ikawaletea wananchi gemu ya kwenye simu. Ilipewa jina la Mji Wetu. Kila mchezaji alikabidhiwa kijiji kidogo kwenye kioo cha simu yake, akijenge mpaka kiwe mji.

Ulikuwa mji wenye raha zake. Bomba likifunguliwa linatoa maji. Taka zikiwekwa nje zinazolewa. Hospitali ikijengwa, ndani anakuwemo daktari. Watu walioshinda kwenye foleni ya maji walikuwa wakiitazama miji yao ya kwenye simu, wakaionea fahari, wakasahau kusogeza ndoo.

Ili mji ukue ulihitaji vitu, na vitu havikuuzwa. Kilichouzwa ni kasha. Unanunua kasha limefungwa, unaligusa, linatikisika, linatoa mwanga, kisha ndani yake kinatoka kitu ambacho hukuweza kukijua kabla: pengine taa ya barabarani, pengine daraja, pengine kichaka. Mara nyingi kichaka. Wabunge wachache waliuliza kama hiyo si kamari iliyozunguka ikaingilia mlango wa uani. Mheshimiwa Kigwasu akawajibu kwa upole wa msomi.

"Kamari ni pale mtu anapotoa hela yake akaondoka mikono mitupu," alisema. "Kasha halimwachi mtu mikono mitupu. Ukipata kichaka, umepata kichaka. Waheshimiwa, tangu lini mtu mwenye kichaka akaitwa mcheza kamari?"

Wabunge wakapiga meza, na suala likaisha.

*

Mtaa wa nyuma ya wizara ya Mheshimiwa Kigwasu waliishi mke na mume waliokuwa madobi. Mke aliitwa Nakijwa, mume Eliapenda. Mume alifua, mke alipiga pasi, na mashati ya nusu ya wizara yalipita mikononi mwao. Walikuwa na binti mmoja, Namsifu, msusi, mwenye sauti nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi, hata saa ya mchana. Mtaani wazazi hao waliitwa Mama Namsifu na Baba Namsifu, na wao wenyewe waliitana hivyohivyo.

Namsifu alicheza Mji Wetu kama wasichana wenzake wa saluni. Siku moja gemu ikamwomba arekodi salamu, ili raia wa mji wake wapate cha kusema. Akaketi kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, akaisogeza simu mdomoni.

"Niseme nini, mama?"

"Sema unayoyasema kila siku," Nakijwa akamjibu, macho yake yakiwa kwenye kola.

Basi Namsifu akasema maneno aliyokuwa akiyasema kila alfajiri, maana chumba chake ndicho kilichokuwa karibu na bomba la uani, na bomba hilo lilikuwa na tabia ya kutoa maji wakati watu wamelala. Alisema, "Mama, amka, maji yanatoka." Kisha akarekodi kicheko, na katikati ya kicheko kikohozi kikamponyoka, wakacheka wote wawili. Gemu ikamshukuru, ikamletea masharti ayakubali. Akayakubali kama watu wote wanavyoyakubali, kwa kidole gumba.

Kikohozi hakikumwacha. Mvua zilipoanza kikashuka kifuani, akawa anapumua kama mtu anayepanda kilima, na wazazi wake wakampeleka hospitali. Jengo lilikuwa zuri, limepakwa rangi kwa ajili ya ziara ya kiongozi. Muuguzi akawaambia daktari amehamishwa, na anayekuja kushika nafasi yake bado anasubiri barua ya uteuzi. Wakasubiri pamoja naye. Namsifu alikata roho barua ikiwa bado njiani, na nasikia ilikuja kufika baadaye, imeandikwa vizuri sana.

Tanga lilipoanuliwa, majirani hawakujua wamwite Nakijwa jina gani. Wengine walimwita Mama Namsifu kama zamani, kisha wakauma midomo. Wengine wakahamia kwenye "dada" au "bibie". Eliapenda peke yake hakubadili kitu.

*

Simu ya marehemu ilibaki mezani, karibu na pasi. Nakijwa aliichaji kila siku, na kama ungemwuliza sababu asingeweza kukueleza. Siku moja ikalia, akasoma: "Namsifu, mji wako unakulilia."

Akafungua. Mji wa binti yake ulikuwa umechakaa kwa kukosa mwenyewe. Nyasi zilikuwa zimeota barabarani, na raia wameketi vibarazani, vichwa wameinamisha. Nakijwa hakuwa amecheza gemu maishani mwake, lakini hakuwa mtu wa kuona uchafu akaupita. Akaanza kufagia kwa kidole. Alifagia mpaka pasi ikapoa.

Kwa kufagia huko akazawadiwa kasha la bure. Akaligusa. Likatikisika, likatoa mwanga wa dhahabu, na simu ikasema kwa sauti nzito ya mtu aliyeamka sasa hivi:

"Mama, amka, maji yanatoka."

Nakijwa akainuka, akachukua ndoo, akatoka. Alikuwa ameshafika uani, mkono uko kwenye bomba, ndipo akakumbuka. Bomba lilikuwa kavu. Alikaa pale muda, ndoo imening'inia mkononi, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kisha akarudi ndani mbio, akagusa kioo, akagusa tena. Palikuwa na maandishi madogo: "Hongera. Umepata Sauti Adimu. Hutumika mara moja kwa kila kasha."

Inafaa nieleze, kwa haki, kwamba kampuni haikufanya jambo hilo kwa ubaya. Ilikuwa imegundua kuwa baadhi ya wachezaji wake wamekufa, na sauti zao zimelala bure ghalani. Kwa masharti yale ya kidole gumba, sauti hizo zilikuwa mali yake. Ikaona si vizuri kuzihodhi. Ikazitia kwenye makasha, pamoja na vichaka, na kipindi hicho ikakiita Msimu wa Kumbukumbu. Mheshimiwa Kigwasu aliusifu ubunifu huo redioni.

"Nchi nyingine huwazika wafu wao, basi," alisema. "Sisi wa kwetu tumewapa ajira."

*

Nakijwa akaanza kununua makasha. Alipata vichaka, alipata taa, alipata kisima. Alipata na wafu wa watu wengine: mzee aliyesafisha koo akasema habari za asubuhi, mwanamke aliyemwita mtu aitwaye Tuma akale, mtu aliyepiga mluzi tu. Kila mmoja alisema lake mara moja, akatoweka. Nakijwa aliwaitikia wote. Aliona si adabu kumnyamazia mtu anayekusalimu.

Eliapenda alimvumilia, kisha siku moja akaja akasimama mlangoni, mikono imejaa povu.

"Huyo unayemtafuta humo siye," akamwambia.

"Najua siye."

"Sasa unatafuta nini, Mama Namsifu?"

"Sauti ilikuwa yake. Haikuwa ya mtu mwingine, ilikuwa yake."

"Na hao walioiweka wanajua kwamba unaitafuta. Ndiyo maana hawakupi."

Nakijwa akagusa kasha jingine. Kikatoka kichaka.

Aliuza pasi ya pili, wakabaki na moja. Halafu akauza kitanda cha Namsifu, kwa jirani aliyekuwa akimwozesha binti yake. Kitanda kilipotolewa alifunga macho, kilipokwisha kupita akayafungua, akatuma mtu dukani kuleta vocha. Vocha hiyo ikampa kicheko. Ni kile kicheko chenye kikohozi ndani yake, kifupi, kilichoanza juu kikaishia chini. Eliapenda alikuwa anapita uani na beseni la mashati, akakisikia. Beseni likamtoka. Akaja akakaa kizingitini, miguu imelowa.

"Kiwashe tena," akasema.

"Hakiwashwi tena."

"Hata kidogo?"

"Ni mara moja, Baba Namsifu. Ndivyo walivyokiweka."

Kesho yake Eliapenda alirudi kutoka kupeleka nguo za watu akiwa ameshika vocha, akaiweka mezani karibu na simu, akaenda zake kufua.

Nao hawakuwa peke yao. Ukipita mtaani jioni yoyote ya msimu huo ungesikia kutoka kila dirisha watu waliokufa wakisalimia. Kinyozi aliyezikwa mwaka wa jana alitoa pole ya kazi kwenye nyumba ya watu wasiomjua. Mjane mmoja alimsikia mumewe akipiga hodi nyumba ya pili, akatoka mbio bila viatu. Alipofika sauti ilikuwa imeshakwisha. Akabaki anamshika jirani mikono, anamwuliza amesemaje, alikuwa na furaha au alikuwa amechoka, na jirani, ambaye alikuwa akisubiri daraja, hakuwa amesikiliza sana.

*

Malalamiko yakawa mengi. Serikali yenye masikio ikaunda Tume ya Maadili ya Makasha. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kigwasu mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeijua gemu ile kuliko yeye, akiwa na hisa ndani yake. Kampuni ilimleta meneja wake, Bi Leontina, mwanamke mpole aliyevaa nguo nyeusi kwa heshima ya wachezaji waliotangulia mbele ya haki. Wananchi waliitwa ukumbini mmoja mmoja, na zamu ya Nakijwa ikafika. Eliapenda alikaa nyuma. Shati alilovaa Mheshimiwa, Nakijwa alilitambua kwa mikunjo ya mikono. Alikuwa amelipiga pasi yeye mwenyewe.

"Sikuja kugombana, Mheshimiwa," Nakijwa alisema. "Nimekuja kuomba niuziwe. Semeni bei, hata ikiwa kubwa, nijue nalipia nini. Nikishalipa nipewe sauti ya mwanangu, niisikie ninapotaka. Hayo tu."

Bi Leontina aliweka mkono kifuani. Macho yake yalikuwa na machozi, na naamini yalikuwa ya kweli.

"Pole sana, mama yangu," alisema. "Lakini ombi lako linanitisha. Unataka tuweke bei kwenye sauti ya marehemu? Sisi tuna maadili. Hatuuzi wafu. Tunauza makasha."

Ukumbi ukanong'ona kwa kuridhika. Mheshimiwa akatikisa kichwa taratibu.

"Kuuza sauti ya marehemu ni aibu," alisema, "na mtu akithubutu, sheria itamshughulikia. Kuuza uwezekano wa kuisikia ni burudani. Naomba katibu aliandike hilo kwa ukamilifu wake."

"Na uwezekano wenyewe ni kiasi gani?" Nakijwa akauliza. "Katika makasha mengi namna gani yumo?"

"Tukikwambia, mama," Bi Leontina akamjibu, "tutakuwa tumekunyang'anya furaha ya kutojua."

Ili kuwaondolea wananchi wasiwasi, Mheshimiwa akaamua kufungua kasha mbele ya wote. Akatoa simu yake, akaisogeza kwenye kipaza sauti ili waliokaa nyuma nao wafaidi. Akagusa. Mwanga wa dhahabu ukamwangaza kidevu, na spika zote za ukumbi zikasema:

"Mama, amka, maji yanatoka."

Sauti ilijaa mpaka juu ya dari. Maofisa wawili walicheka, wakidhani ni tangazo la Idara ya Maji. Mheshimiwa akaitazama simu yake.

"Mimi nilitaka daraja," akasema.

Nakijwa alikuwa amesimama. Hakulia, wala hakupaza sauti. Alikuwa ameinua mkono kidogo, kama anayepokea ndoo kutoka kwa mtu.

"Mheshimiwa, naomba hiyo."

"Imeshatumika, mama," Bi Leontina akamwambia taratibu. "Na vitu vya mchezaji mmoja havihamishiki kwa mwingine."

"Basi naomba niishike tu simu."

Mheshimiwa alimtazama. Waliokuwa karibu wanasema kuna muda mfupi alionekana kama atasema neno, na kwamba mdomo wake ulifunguka. Lakini waandishi walikuwepo, na kamera zilikuwepo. Akaitia simu kwenye mfuko wa shati.

Ndipo Eliapenda akasema kutoka nyuma, bila kusimama. "Huyo ni Namsifu. Andikeni jina lake."

Katibu akamtazama mwenyekiti, kalamu juu.

"Andika kwamba kasha limefanya kazi vizuri," Mheshimiwa akasema.

*

Tume ilitoa taarifa yake. Ilisema imeguswa na kilio cha wazazi, na ikabaini chanzo chake: sauti za marehemu zilizopo ghalani ni chache mno. Watu walikuwa wakirekodi salamu kidogo, wakafa, na kuwaacha ndugu zao wakigombania salamu hizohizo. Kwa hiyo Tume ikaelekeza kwamba kuanzia sasa kila simu nchini ihifadhi yote yanayosemwa karibu nayo, usiku na mchana, asije akatokea mzazi mwingine wa kulalamika kuwa mwanawe hapatikani. Huduma hiyo ilitolewa bure. Kuizima hakukuwezekana, na kuacha simu nyumbani nako kulikatazwa, kwa kuwa kitambulisho, kadi ya matibabu na zamu ya maji vyote vilikuwa vimehamishiwa humo.

Watu waliisikia taarifa hiyo, wakafikiri. Hakuna aliyefanya maandamano. Walianza tu kunong'ona. Baada ya muda wakaona kunong'ona nako kunarekodiwa, wakaacha kusema. Akina mama waliwabembeleza watoto wao kwa kuchezesha midomo. Wauza samaki walionyesha bei kwa vidole. Wachumba waliandikiana viganjani. Hakuna aliyetaka siku moja, akishakufa, aje kumwita mkewe kutoka ndani ya kasha, katikati ya vichaka, mara moja tu, tena labda nyumbani kwa mtu mwingine.

Nchi ikatulia. Wajumbe wa mataifa jirani walikuja kujifunza, wakatembezwa masokoni, wakastaajabu. Mheshimiwa Kigwasu akavishwa nishani ya Utulivu, na katika sherehe hiyo yeye peke yake ndiye aliyesema.

Nakijwa na Eliapenda waliendelea na kazi yao bila neno. Kilichosikika nyumbani mwao ni maji kwenye beseni na mvuke wa pasi. Alipotaka kumwita mkewe, Eliapenda aligonga meza kwa kidole. Makasha walikuwa wameacha kununua tangu siku ile ya ukumbini. Nakijwa alirudi akaizima simu ya binti yake, akaifunga kwenye foronya, akaisukuma chini ya kabati.

Lakini kuna jambo lilimtisha. Kila alipomtafuta Namsifu kichwani alimkuta amesimama mahali palepale, anasema yale yale ya maji, au anacheka kile kicheko kimoja. Mengine yalikuwa yamefifia. Alijua kwamba walikuwa wakibishana kuhusu nguo, kuhusu wanaume, kuhusu chumvi, lakini maneno yenyewe hayakuja. Makasha yalikuwa yameyabakiza yale mawili kichwani mwake na kuyafukuza mengine. Siku moja akiwa anapiga pasi alisimama ghafla, akamshika mumewe mkono uliolowa, akamvuta mpaka nje.

Nje ya mji kulikuwa na machimbo ya zamani ya kokoto, shimo pana lenye kuta ndefu za mawe. Huko chini mtandao haukushika, na simu isiyo na mtandao haikuhifadhi neno. Watu walikuwa wameligundua hilo kimya kimya. Madobi hao walipofika waliwakuta wengine, wameketi juu ya mawe mbali mbali, simu zao zimelala kando kama zimezirai, na wote wanaongea. Ulikuwa mvumo tu wa watu wanaoongea mambo ya kawaida: mwiba wa samaki, deni la sukari, ndugu asiyeandika. Nakijwa alikuwa amesahau kwamba watu wengi wakiongea pamoja hutoa sauti ya namna ile.

Wakatafuta jiwe, wakaketi.

"Niambie kitu alichokuambia wewe," Nakijwa akasema, na koo lake likakwaruza kwa kutotumika. "Kitu alichosema wakati mimi sipo."

Eliapenda akajipapasa kichwa.

"Siku moja alinikalisha chini aning'oe mvi," akasema. "Wewe ulikuwa sokoni. Akang'oa, akang'oa, halafu akaacha. Akasema, 'Baba, nikiendelea utabaki na masikio tu, na mama atanidai mume.'"

Nakijwa akacheka. Ukuta wa mawe ukamrudishia kicheko chake mara moja, kisha ukanyamaza.

"Sema tena."

Akasema tena. Safari hii alisahau habari ya mama kudai mume, lakini akakumbuka kwamba Namsifu alizipanga zile mvi kwenye goti lake, na upepo ulipozipeperusha akazikimbilia. Nakijwa akamwuliza alikuwa amevaa nini. Wakabishana kuhusu hilo mpaka jua likahama ukuta, na wakaahidiana kurudi.

Habari za machimbo hayo zimemfikia Mheshimiwa Kigwasu. Inasemekana alisikitika sana kujua kwamba katika nchi yake bado lipo eneo lisilofikiwa na huduma, na wananchi wanalazimika kwenda huko kwa miguu. Ameahidi mnara. Saruji imeshaletwa, nondo zimeshapangwa kwenye ukingo wa shimo, na mafundi wameanza kuchimba msingi.

Watu bado wanakwenda. Wanaketi kule chini kwenye kokoto, vumbi la sururu linawaangukia mabegani, na wanaongea harakaharaka.